Kaunta buku za baba na usiku wa Lukaya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora, mtoto wa pili kati ya watatu, na wa kike peke yangu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa askari wa JWTZ, akaenda vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, akiwa koplo, na alipostaafu alirudi Urambo kulima tumbaku. Watu wa huko walimwita Koplo mpaka siku tunamzika, ingawa alistaafu na cheo kikubwa kuliko hicho.

Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na sare moja, nishani, ramani iliyokunjwa yenye mhuri, na kaunta buku nne. Tatu ameziandika kwa penseli, zimejaa mistari iliyokatwa na vishale vya kuhamisha maneno. Ya nne ni ya kalamu, mwandiko safi, ameanza kunakili upya tangu mwanzo. Ukurasa wa kwanza ameandika: "Habari za Kwenda na Kurudi, 1978–1979", na chini yake: "Ndugu msomaji, haya ni yale niliyoyaona mimi, si niliyosimuliwa." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa anaandika. Tulikuwa tukimwona jioni na miwani yake tukidhani anapiga hesabu za chama cha msingi.

Nimezichapa zote kwenye kompyuta ya shule, usiku, wiki nyingi. Shangazi, ni habari nzuri mno. Anaeleza walivyopanda treni kwenda Mwanza, meli mpaka Bukoba, mvua za Novemba na magari yaliyozama kwenye tope hadi dirishani, daraja la Kyaka lilivyovunjwa, watu wa Kagera waliokuta nyumba hazina mabati wala ng'ombe. Anaeleza mpaka namna ya kulala ndani ya handaki lenye maji. Nimecheka na kulia.

Shida ni sehemu mbili.

Ya kwanza ni usiku wa Lukaya, mji mdogo huko Uganda kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, Machi 1979. Baba alikuwa na rafiki yake waliyetoka naye Urambo, wakajiunga jeshi pamoja. Makombora yalipoanza kuanguka karibu na kinamasi, watu walitawanyika gizani. Rafiki yake alijeruhiwa tumboni. Baba alikaa naye kwenye mafunjo kwa muda, kisha wenzake wakaita, naye akaondoka akamwacha yu hai. Kulipokucha alirudi akamkuta ameshakufa. Aliporejea nyumbani alikwenda kwa mjane akamwambia mumewe alikufa papo hapo, hakuteseka. Lakini daftari linasema rafiki huyo aliongea mengi usiku ule, na alimpa ujumbe: mitamba miwili aliyoiacha kwa kaka yake ni ya mkewe, alimnunulia yeye, si mali ya ukoo. Baba hakuufikisha kamwe. Angeufikishaje, ikiwa alishasema mtu alikufa papo hapo?

Yule mama yu hai, ni mzee sana. Kila mwaka baada ya mavuno baba alimpelekea gunia la mahindi, na kwa gunia hilo wazazi wangu waligombana miaka nenda rudi. Mama alidhani kuna mambo mengine. Mtoto wa yule mama ni rafiki mkubwa wa mdogo wangu.

Ya pili ni cherehani. Tumekua tukiambiwa baba aliinunua Bukoba wakati wa kurudi. Daftari la tatu linasema aliichukua Kampala, kwenye duka lililokwisha vunjwa mlango, siku chache baada ya mji kuanguka. Alichukua kichwa chake tu, akakifunga ndani ya blanketi. Miguu ya meza alichongewa na fundi hapa Tabora. Mama alishona kwa cherehani hiyo sare za wanafunzi wa kata nzima, na ndiyo iliyonilipia ada mimi nikawa mwalimu.

Sasa kaka yetu mkubwa, naye ni askari, anasema zichomwe. Anasema ni siri za jeshi, na ni aibu kwa marehemu. Yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Mdogo wetu anataka kitabu kitoke haraka, kizinduliwe Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, tualike wakubwa; ameshampa mchapaji mmoja pesa ya kutangulizia. Yeye anataka sehemu hizo mbili ziondolewe na kitabu kiitwe "Shujaa wa Lukaya". Mimi ninazo daftari chumbani kwangu na sijalala vizuri. Mama hajui yaliyomo. Anajua tu kwamba "baba yenu aliandika".

Pia baba ana makosa madogo. Ameandika Kampala ilianguka tarehe 12 Aprili, vitabu vyote vinasema 11. Idi Amin kila mahali anamwita "nduli". Nirekebishe?

Nisaidie Shangazi.

Binti Koplo, Tabora

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Kabla ya yote, kazi ya mikono. Umechapa, vizuri, lakini ulichonacho kwenye kompyuta ya shule ni maneno yako ukiyasoma maneno yake. Daftari zenyewe bado ziko moja moja tu duniani, na ziko ndani ya nyumba ambayo kaka yako anaingia bila kupiga hodi. Simsemi vibaya, ila mtu mwenye msiba na kiberiti si wa kuachiwa nafasi. Zipige picha ukurasa kwa ukurasa, mchana, karibu na dirisha, kurasa tupu na majalada pia, bila kukata pembe yoyote. Zile za penseli ndizo za kuanza nazo, penseli hufifia kwa kusuguana. Hifadhi nakala moja kwenye flashi na moja kwa mtu asiyeishi Tabora. Kisha daftari zilaze kwenye boksi la karatasi ngumu, juu ya rafu, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa na mbali na bati kwa ajili ya joto. Usizitie leminesheni, wala usizibandike selotepu pale zilipochanika. Gundi ya selotepu itakula karatasi kuliko mende. Sanduku la bati lirudishe kwenye kazi ya nguo.

Ramani yenye mhuri ni jambo jingine, iondoe humo uiweke kando. Kaka yako ana hoja, ila ameiweka pasipo pahali pake. Iko Sheria ya Usalama wa Taifa, ya mwaka 1970, na inakataza kutangaza nyaraka na habari za serikali zilizowekwa kuwa siri. Hati yenye mhuri wa jeshi inaweza kuangukia humo hata kama imepauka. Usiipige picha ya kuweka kwenye kitabu, usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mwombe kaka yako, kwa kuwa ni askari, aulize kwa utaratibu wa kazini kwake ramani kama hiyo irudishwe wapi. Utakuwa umempa kazi ya maana, na utaona hasira zitapungua. Kuhusu kumbukumbu za baba mwenyewe, koplo aliyeeleza tope, njaa na handaki lenye maji hajafichua mpango wa vita wa mtu. Vita vile vimeandikwa kwa Kiswahili hapa nyumbani tangu mwaka 1980. Kila mwanafunzi wako anajua kwamba Masaka ilianguka Februari, na kwamba Juni 1979 askari wetu walikuwa wamefika mpakani mwa Sudani. Hata hivyo mkifikia hatua ya kuchapisha, mpeni wakili asome kwanza, hasa mahali anapotaja vikosi na majina ya wakubwa walio hai.

Halafu suala la nani mwenye mali. Naona kila mmoja wenu ameshika kipande akadhani ni chote. Daftari kama karatasi ni mali moja. Maneno yaliyomo ni mali nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kwa sababu amekufa, haki hiyo imo kwenye mirathi pamoja na nyumba na shamba. Naweza kukisia kwamba mlipoorodhesha mali kule mahakamani mliandika shamba, nyumba, labda baiskeli na pampu ya dawa, mkaziruka daftari. Ziingizwe. Msimamizi wa mirathi kazi yake ni kukusanya na kugawa kwa warithi, mama yenu akiwa mmojawapo. Hakupewa ruhusa ya kuchoma kilicho cha wote. Mdogo wako naye hana mamlaka ya kusaini na mchapaji peke yake. Kama amesaini karatasi, itafuteni muisome leo, mwone kama ameuza haki au ameagiza nakala tu. Kuna wachapishaji na kuna wachapaji: wa kwanza anakulipa wewe, wa pili unamlipa yeye. Hakuna ubaya kumlipa mchapaji, ubaya ni kumlipa huku ukimpa na haki za marehemu juu.

Sasa twende kwenye kiini cha barua yako.

Nimeisoma mara kadhaa ile habari ya daftari la nne. Baba alikuwa na rasimu ya penseli, akaanza kunakili kwa kalamu. Mtu anaponakili ndipo anapochuja: anaruka, anapunguza, analainisha. Wewe umesoma zote mbili, kwa hiyo kuna swali moja ambalo hukuniambia jibu lake na ndilo ningetaka uliangalie kwanza. Je, usiku wa Lukaya umo kwenye daftari la kalamu? Kama aliufikia akaunakili mzima, pamoja na ujumbe wa mitamba, basi alipata nafasi ya kuuficha mara ya pili na hakuitumia. Kama aliuruka, hilo nalo ni neno lake, na mtalipima. Kuhusu cherehani, iko daftari la tatu, nahisi hakufika huko kwa kalamu. Hapo usitoe hukumu. Mtu huacha kunakili kwa sababu macho yamechoka, au mavuno yamefika, au amekufa. Angalia tu kama aliikata kwa mstari. Umesema rasimu imejaa mistari iliyokatwa. Basi alijua kukata alipotaka.

Lakini hata bila jibu hilo, "ndugu msomaji" imeshasema mengi. Hakuandika "wanangu". Mtu anayeandika ili zichomwe hamkaribishi msomaji asiyemjua. Kwa hiyo kwa kaka yako jibu langu ni la wazi: hapana, hazichomwi. Akitaka kumheshimu baba kama askari, ajue kuwa habari za vita vya Kagera nyingi tumezipata kutoka juu, kwa majenerali na marais. Tuna hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978 karibu kwa moyo, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ya koplo aliyelala kwenye maji ili nia hiyo itimie hatuna nyingi. Mkichoma hizi hampunguzi aibu ya mtu, mnapunguza wachache waliosema.

Sehemu zenu mbili mmezifunga furushi moja mkaziita aibu. Zifungueni. Hazifanani hata kidogo.

Cherehani ni habari ya baba juu ya baba. Alichukua kitu kisicho chake, akasema alinunua, kisha uzeeni akakaa chini akaandika ukweli. Hiyo ni toba ya mtu mzima na ni mali yake kuitoa. Mkiiondoa mtakuwa mmemnyang'anya kitu pekee alichojitahidi kukirudisha. Zaidi ya hapo, wizi wa madukani Kampala baada ya mji kuanguka si jambo mlilobuni ninyi. Uliandikwa tangu wakati ule, na wenyeji wa mji walishiriki, na askari nao walishiriki. Msomaji atakayekuta kitabu cha askari aliyepita Kampala Aprili 1979 akaona kila mtu alikuwa malaika, atakifunga hapohapo. Ukurasa wa blanketi na kichwa cha cherehani ndio utakaomfanya aamini kurasa za tope.

Ila hapo yupo mtu wa kuulizwa kwanza, na si kaka yako. Ni mama. Ni yeye aliyekaa nyuma ya cherehani hiyo miaka yote, na kitabu kikitoka ni yeye atakayepita sokoni watu wakimtazama. Msomee ukurasa huo, ninyi wawili tu. Mimi nina wasiwasi utakuta anajua. Mwanamke aliyepokea mwaka 1979 kichwa cha cherehani kisicho na miguu, kimefungwa blanketi, wakati nchi nzima haina hata sabuni dukani, hakuhitaji daftari kumweleza. Akisema kisichapwe akiwa hai, mtii. Miaka 50 ya hakimiliki ni mingi, kitabu hakiozi kwa kungoja. Akisema kichapwe, kaka yako hana tena pa kusimama. Na usije ukaanza wewe kujilaumu kwa ada ya shule. Ada ilitoka kwenye mguu wa mama uliokanyaga pedali, ulikuwa mtoto.

Halafu, siku hiyohiyo au nyingine, mweleze habari ya gunia la mahindi. Hili usilicheleweshe kwa sababu yoyote. Mama yenu amezika mume akiwa na shaka ambayo daftari lililo chumbani kwako linaiondoa. Sijui unawezaje kulala hapo, na umesema mwenyewe kuwa hulali.

Lukaya ni tofauti. Pale baba anasema habari za baba, sawa, lakini anasema pia kifo cha mtu mwingine, na kifo kile kina wenyewe. Wako hai, wako Urambo, na wanaishi na habari nyingine waliyopewa na baba huyohuyo kwa mdomo wake. Hapa mdogo wako amekosea zaidi ya kaka yako, ingawa nia yake ni njema. Anataka aondoe kurasa hizo kisha kitabu kiitwe "Shujaa wa Lukaya"! Yaani mfute alichosema juu ya Lukaya, halafu muuze jina la Lukaya. Na rafiki yake, mtoto wa marehemu, ataalikwa kwenye uzinduzi, atakaa viti vya mbele, atapiga makofi. Siku moja yale maneno yatatoka, kwa sababu sasa mko watatu mnaoyajua na mama atakuwa wa nne, na urafiki ule hautapona.

Kubadilisha jina la rafiki hakusaidii pia. Koplo wa Urambo alikuwa na rafiki mmoja wa Urambo aliyekufa Lukaya. Ukimwita K. au ukimwita Juma, kijiji kizima kitasoma jina lake halisi.

Kwa hiyo kitabu kinangoja, na mnachokifanya kwanza ni kufikisha ujumbe. Mitamba miwili ni ya mkewe. Maneno hayo yalitumwa kwa mtu fulani, yakakwama kwa mjumbe. Baba aliweza kumwandikia msomaji asiyemjua, hakuweza kumwambia mama aliyempelekea mahindi kila mwaka. Alimhurumia kwa uongo mmoja, na uongo huo ukamfunga mdomo kwenye ukweli wenye faida. Hujui, na mimi sijui, kama yule mama aliondolewa kwenye ng'ombe wale na shemeji zake. Inawezekana alipewa, inawezekana alinyimwa akaambiwa ni mali ya ukoo. Ng'ombe wenyewe na ndama zao na wajukuu zao hakuna baraza litakalowarudisha leo, na msiende pale kama watu wa kufufua kesi. Lakini mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo bila kujua kama mumewe alimkumbuka anastahili kujua kwamba kwenye matope, tumbo likiwa wazi, alikuwa anahangaika juu ya haki yake.

Mnakwendaje? Nenda wewe na mama yako, akikubali. Wajane wawili watakuwa na lugha yao ambayo wewe huna. Usimpeleke mdogo wako, usipeleke simu ya kurekodi, usipeleke kitabu kilichochapwa. Peleka daftari lenyewe limefungwa kwenye kitenge, na peleka gunia, kwa maana mavuno ya mwaka huu nahisi yamepita bila mtu kukumbuka. Watu wengine watakushauri upitie kwa mtoto wake kwanza kwa kuwa mama ni mzee. Nakataa. Ujumbe ni wa mke. Mwambie mtoto tu kwamba mnakuja kumsalimia mama na kwamba kuna neno la marehemu Koplo, ili awepo karibu, si ili alisikie kabla yake.

Mkishasalimiana na kupumzika, usifungue daftari. Muulize: "Bibi, baba aliandika juu ya usiku wa mwisho wa mzee. Haikuwa kama alivyokuambia. Ungependa usomewe, au tuyaache?" Akisema tuyaache, yaache. Ana haki ya kubaki na kifo alichokizoea. Ila ujumbe wa mitamba mwambie hata hivyo, kwa sentensi moja, maana huo haukuwa wa baba yako kuuzuia. Akisema nisomee, msomee kama ulivyoandikwa. Usiruke pale baba anapoondoka. Usimtetee pia, usianze "alikuwa hana jinsi". Labda hakuwa na jinsi: gizani, kwenye kinamasi, makombora yakianguka na kikosi kimetawanyika, wengi walifanya hivyo na wengine hawakurudi kulipokucha kama yeye alivyorudi. Lakini maneno hayo ayaseme yule mama akitaka kuyasema. Yakitoka kwako yatakuwa kama umekwenda kudai msamaha.

Atakasirika? Huenda. Huenda mtoto wake ndiye atakayekasirika zaidi, kwa kuwa yeye alikuzwa na hadithi ya kufa papo hapo. Mpeni muda, msimfuate kwa simu. Na kama kwenye daftari baba ameeleza walipomlaza rafiki yake, mpe mtoto maelezo hayo kwa maandishi. Mashujaa wengi wa vita vile wamelazwa Kaboya, wilaya ya Muleba, na mtu anaweza kwenda kuwaangalia.

Baada ya hapo mtawauliza familia ile kuhusu kitabu, nao watakuwa na majibu matatu ya kuwapa. Wakiruhusu, sura inabaki nzima. Wakitaka iondolewe, iondoeni waziwazi: pale ilipokuwa andikeni kwamba kurasa kadhaa zimeachwa kwa ombi la familia ya marehemu. Msishone tundu likaonekana kama hapakuwa na kitu. Wakitaka isubiri, mnaweza kutunza daftari zote mahali penye masharti. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu inayokusanya maandishi ya Afrika Mashariki. Mkienda, ulizeni kabla ya kukabidhi: je, tunaweza kuandikiana kwamba sura fulani isifunguliwe mpaka mwaka fulani? Je, tutabaki na hakimiliki? Jibu lao lichukueni kwa maandishi. Mimi mwenyewe ningependa daftari halisi ziishie sehemu kama hiyo hata kitabu kikitoka, kwa sababu nyumba zetu zina watoto, wapangaji na mvua.

Tarehe 25 Julai ifuteni. Siku ya Mashujaa inarudi kila mwaka. Na kama mdogo wako ana kiu ya kushika kitu mkononi, mtoleeni nakala chache kwenye steshenari, zibanwe spairo, za wajukuu tu, bila sura ya Lukaya mpaka mtakapotoka Urambo. Pesa aliyomtangulizia mchapaji aombe ihesabiwe kwa kazi ya baadaye. Mkifika kwenye kitabu chenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanaandikisha kazi. Haki ipo hata bila kuandikisha, lakini ndugu watatu wasioelewana wanahitaji karatasi.

Kuhusu makosa. Tahajia rekebisha, nukta weka. Tarehe usiguse. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, ni kweli, lakini mji ule haukuingiwa na watu wote saa moja. Inawezekana kombania ya baba ilipita tarehe 12 na kwake mji ulianguka siku hiyo. Acha 12 yake, weka maelezo mafupi chini ya ukurasa. Na "nduli" usiibadilishe kabisa. Ndivyo redio ilivyosema, ndivyo shule zilivyoimba, ndivyo askari alivyopanda treni akisema. Ukimwandikia "Rais wa Uganda wa wakati huo" utakuwa umemvalisha baba yako tai.

Kwa hiyo hata jalada lisiwe na shujaa wa mahali popote. Mwenye kitabu alishakipa jina kwa mkono wake, ukurasa wa kwanza, kwa kalamu.

Shangazi